Chupa Inayoongezewa Umri

Mume wangu ni fundi saa, na subira yake Mungu ndiye anayeijua. Atainamia kijisaa cha mkononi tangu asubuhi, lenzi jichoni, chai inapoa pembeni, nami naongea peke yangu kama redio. Hilo nimelizoea. Kilichonishinda ni chupa.

Mwaka tuliooana, kaka yake, dereva wa malori, alituletea wiski ya kimea iliyoandikwa miaka kumi na miwili. "Hii tutainywa mimi na wewe," akamwambia. Mume wangu akaipandisha juu ya kabati la nguo, na kila mwaka mpya akawa anaiongezea mwaka mmoja, kama mtoto. Sasa imefika thelathini na minne, na hakuna mgeni ambaye hajatangaziwa. Shemeji kila akija anauliza, "Vipi mdogo wangu, leo?" Anajibiwa kwamba bado inakomaa. Mimi nikisema ifunguliwe, naambiwa sijui mambo. Haya, sijui mambo.

Sasa shemeji figo zimemharibikia. Juzi alipiga simu kusema anakuja Jumapili, na safari hii hataki maneno, anataka kuionja kabla hajafa. Unadhani mume wangu alitikisika? "Kwanza tujue bei yake," akaniambia. "Kitu cha miaka thelathini na minne hakifunguliwi hivi hivi. Huenda ni bei ya nyumba hii, mke wangu."

Nilikuwa na mwiko mkononi, nikaona heri niuweke chini.

Jumamosi tukaenda duka la vinywaji, chupa kaifunga kwenye taulo, tena taulo langu zuri. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akaiinua kwenye mwanga, akakagua kizibo, akatazama wiski ilivyopungua.

"Ni ya miaka kumi na miwili," akasema.

"Ilikuwa. Nimekaa nayo ishirini na miwili."

"Wiski inakomaa ndani ya pipa, baba. Mbao za pipa ndizo zinazoilea. Ikishatiwa kwenye chupa, umri wake umeishia hapo."

"Hata saa ikisimama, wakati hausimami."

"Ni kweli. Wewe umezeeka, yenyewe haijazeeka."

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Yeye hata hakugeuka. Akauliza kama hakuna chupa za zamani zinazopanda bei. Zipo, mama akasema, zile ambazo hazitengenezwi tena; hii inatengenezwa mpaka leo, na akamwonyesha nyingine kama hiyo rafuni. Ile ya rafuni ndiyo ghali zaidi, kwa kuwa yetu kizibo kimekauka na imevuja.

"Kwa hiyo yangu inafaa nini?"

"Kunywewa, baba."

Njia nzima ananiambia yule mama hajui kazi. Nikataka kumwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikaona neno kufa limekaa vibaya wiki hiyo. Lakini nilichoka, nasema kweli.

Jumapili shemeji akaingia ameshikilia fremu ya mlango, koti linamning'inia. Mume wangu akaishusha chupa bila kubishana. Kizibo kikakatika, vipande vikazama ndani, akakaa anavitoa kimoja kimoja kwa kibano chake cha saa, na sisi tunamsubiri. Hatimaye akamimina glasi mbili.

Shemeji alilowesha midomo tu, daktari amemkataza zaidi ya hapo. Akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Ni ile ile. Niliionja siku naichagua." Akairudisha glasi mezani. "Ungenipa mwaka ule nilipostaafu, ningeimaliza."

"Nisamehe, kaka."

"Kunywa wewe basi, isiharibike."

Mume wangu akanywa zote mbili, yake na ya kaka yake, machozi yanamtoka. Nilimwonea huruma, lakini hasira zangu hazikuisha.