Ngumi Yangu Kwenye Pilau la Ukweni

Chekeni tu, mie mwenyewe nimeshachoka kuona aibu. Ila nikitaja Temeke tu nainamisha kichwa, maana kule ndiko nilikokunja ngumi nikaiweka juu ya pilau la watu, tena mbele ya mjomba wa mwanamke niliyekwenda kumposa.

Ishu ilianza na sukari. Ilipanda kidogo, bwana wa lishe pale kliniki akanifundisha kula kwa mafungu: wali saizi ya ngumi yako, ukitaka unabadilisha na chapati moja, nyama saizi ya kiganja, tunda likiwa kubwa unakula nusu, ukizidisha huku unapunguza kule. Suruali zikaanza kunipwaya, basi nikawa mhubiri wa mafungu (kazini walikuwaga wananikimbia saa ya chakula). Asubuhi ya kwenda kwa kina Zuhura nikajiapiza kwamba hata ukweni sivunji utaratibu.

Nilichosahau ni sinia. Nilidhani nitapewa sahani yangu, kumbe tukaketishwa mkekani wanaume watano, sinia moja, pilau limejaa mpaka pomoni, na mjomba Shomari, ambaye bila neno lake Zuhura haolewi, kaketi uso kwa uso na mie. Sasa hapo fungu langu liko wapi? Mwenye akili zake angekula kidogo akanyamaza, lakini mie nikanawa, nikapiga bismillahi, nikaibandika ngumi juu ya pilau kupima, halafu kwa kidole nikachora mtaro kuzunguka fungu langu ili nisivuke mpaka.

Mikono yote ikasimama.

"Kijana," mjomba akauliza taratibu, "unatugawia shamba?"

"Hapana, mjomba, napima tu." (Napima! Ukweni!)

Nikaona nioneshe adabu, nikachukua minofu iliyozidi kiganja changu nikaisogeza upande wake, nikajivutia kachumbari. "Nabadilisha," nikamweleza. Ndizi zilipoletwa nikamenya moja, nikaikata katikati, nusu nikairudisha sahanini. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa hoi kwa kicheko, shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Loo! Huyu mahari ataileta kwa kijiko!"

Mjomba akanawa, akashukuru Mungu, akaondoka kabla posa haijatajwa. Nilirudi Kimara nimenywea, nampenda yule mwanamke jamani, na nimemkosa kwa ajili ya wali.

Jioni Zuhura akapiga simu.

"Mjomba amekubali."

Niliruka!

"Subiri kwanza. Amekubali nusu. Nusu nyingine anasema ameipunguza kwa ajili ya afya yake. Ijumaa uje mle tena, ndiyo aone kama anaweza kuiongeza."

Nasikia safari hii ni biriani. Nimeapa sipimi tena chakula mbele ya watu: nitakula kidogo, nitasifia sana, na kitakachozidi nitakimaliza kwa kurudi Kimara kwa miguu.