Paka Niliyemwacha Subukia

Mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, nilimchukua paka wake, nikamtia ndani ya katoni, nikaenda kumwacha Subukia. Kisha nikarudi Nakuru na kumsaidia kumtafuta. Nayasema hayo mapema kwa sababu kila nilipojaribu kuisimulia habari hii nilianza kwa kujitetea.

Paka huyo alikuja kwetu mwezi mmoja baada ya mimba yetu ya kwanza kutoka. Mke wangu alimkuta amelowa mvua kando ya lango la ploti yetu, paka wa kijivu, sikio moja limechanika. Wakati huo mke wangu alikuwa haongei sana. Alimkausha kwa taulo yangu, akampa dagaa wa omena, na jioni hiyo nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Ningepaswa kumshukuru mnyama yule. Badala yake niliona wivu kidogo, maana mimi nilikuwa nimejaribu kumchekesha wiki nne na sikuweza.

Mke wangu alipopata mimba ya pili, swali la kwanza aliloliuliza kliniki lilikuwa juu ya paka. Alirudi nyumbani na maelezo yote kichwani. Nesi alimwambia hakuna haja ya kumfukuza. Kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi kikiondolewa kila siku, kijidudu hicho hakipati muda wa kuwa hatari. Paka asipewe nyama mbichi, na asiachwe kuzurura akiwinda panya. Mke wangu mwenyewe ale nyama iliyoiva kabisa, aoshe sukuma wiki vizuri, avae glavu akishika udongo, anawe mikono.

“Na karai la mchanga, choo cha paka, nisiliguse,” alisema. “Nesi amesema hiyo ni kazi yako. Kila asubuhi.”

“Hiyo tu? Hakuna shida,” nikamjibu.

Mimi nauza katika duka la dawa za mifugo. Wakulima huniita daktari ingawa si daktari, nami siwakatazi. Kila wiki humweleza mtu kwamba asimshike ndama aliyetoka kabla ya wakati bila glavu, na glavu zenyewe namuuzia. Kwa hivyo siwezi kusema sikuelewa. Nilimwaga mchanga ule siku sita, labda saba. Halafu nikachelewa kuamka. Halafu nikaona haya jirani kuniona nimebeba mavi ya paka kuelekea kwenye shimo la taka, mwanaume mzima nimevaa shati la kazini. Nikawa naondoka kabla mke wangu hajaniuliza. Nilimwahidi kumletea glavu kutoka dukani nikasahau mara tatu. Siku moja nilirudi kuchukua simu niliyoiacha, nikamkuta ameinama juu ya karai, mikono ameifunga mifuko ya plastiki, tumbo likimzuia kupumua vizuri. Hakunilaumu. Alisema tu, “Leo ulikuwa na haraka.”

Jumapili iliyofuata dada yangu mkubwa alikuja kutoka Rongai kututembelea. Mke wangu alipoingia jikoni, dada akanivuta pembeni.

“Bado mnakaa na hiyo paka? Unajua ndiyo ilitoa mimba ya kwanza?”

“Wakati huo hatukuwa na paka.”

“Basi itatoa hii. Wewe ni mwanaume wa aina gani?”

Nilijua kwamba anakosea. Lakini maneno yake yalinifaa. Kama paka ndiye hatari, basi kumwondoa ni kumlinda mtoto, na hakuna atakayeuliza habari za karai. Nilijidanganya hivyo kwa siku mbili, nikaona hata nimepata ujasiri.

Jumanne ilikuwa zamu yangu kupeleka chakula cha ng’ombe Subukia kwa pikapu ya duka. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Paka aliingia kwenye katoni mwenyewe kwa sababu niliweka kipande cha nyama ndani. Njia nzima hakulia. Nilisimama karibu na kibanda cha kukusanyia maziwa, nikajiambia hapa hatakosa cha kulamba. Niliiweka katoni kwenye nyasi, nikaifungua. Nilitegemea atakimbia. Hakukimbia. Alikaa ndani ya katoni akinitazama, kama anayengoja niifunge tena tuendelee na safari. Niliingia garini bila kuangalia nyuma, nikawasha redio.

Nilipofika nyumbani, omena walikuwa wanachemka jikoni.

“Umemwona paka?” mke wangu akaniuliza.

“Hapana.”

Tulimtafuta siku nne. Alizunguka mtaa mzima na tumbo lile, akisimama kwenye kila ua, akiita. Mimi nilitembea nyuma yake nimeshika mwavuli, na mimi nikiita. Niliita kwa sauti kubwa kumshinda. Mama mmoja jirani alitoka, akamwambia, “Una bahati, mama. Wanaume wengine hawangetoka nje kwa sababu ya paka.” Mke wangu akanishika mkono. Mpaka leo nikiukumbuka ule mkono wake, natamani kujificha.

Jumanne zilizofuata nilimwomba mwenzangu wa dukani anipokee safari ya Subukia. Nilimwambia mgongo unaniuma.

Wiki ya tatu nilimsindikiza mke wangu kliniki. Nesi alimpima presha, akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema yote yako sawa. Kisha akauliza akitabasamu, “Na yule paka wenu?”

Mke wangu akaanza kulia. “Alipotea.”

“Pole sana, mama.” Nesi akanigeukia mimi. “Na wewe baba, pole. Kumbe kazi yako yote hiyo imepotea bure! Mkeo kila akija ananiambia hajawahi kuligusa lile karai, wewe ndiye unaamka kulimwaga. Natamani wababa wote wangekuwa hivyo.”

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamisha macho. Miezi yote ile alikuwa akinifichia aibu mbele ya mtu nisiyemjua, nami nikamlipa hivyo.

Nilimwambia tukiwa tumekaa kwenye benchi nje, tukingoja dawa za kuongeza damu. Nilimwambia yote, pamoja na nyama niliyoiweka kwenye katoni. Hakupaza sauti. Namba yetu ilipoitwa, akaenda dirishani akachukua dawa, akarudi.

“Mtoto ulikuwa unamhofia kweli?” akauliza.

“Kidogo.”

“Na zaidi?”

“Sikutaka kumwaga ule mchanga.”

“Nipeleke,” akasema.

Nililiomba gari dukani, tukaenda siku hiyohiyo. Kwenye kibanda cha maziwa tulimkuta mama mmoja akiosha mitungi. Kabla sijafungua mdomo, alinitambua.

“Wewe si ni wa gari ya dawa? Nilikuona ukiteremsha ile katoni. Nikasema huyu amesahau mzigo wake, ataurudia Jumanne.” Akamtazama mke wangu, akalitazama tumbo. “Jumanne akaja mwingine. Nikajua hukusahau.”

“Nisamehe, mama,” nikasema.

“Mimi hukunikosea,” akajibu, akarudi kwenye mitungi yake.

Paka alikuwa amelala juu ya magunia nyuma ya kibanda, amekonda lakini mzima. Mke wangu alimwita mara moja tu. Alikuja mpaka miguuni pake. Mimi nilipoinama kumbeba, alirudi nyuma akajibanza ukutani, na ikabidi yule mama aache kazi aje kumtia kwenye kikapu.

Kwa kuwa hatukujua alikuwa amekula nini huko, nilimweka siku za kwanza kwenye kistoo chenye dirisha, nikawa mimi peke yangu ninayeingia. Nilimwaga mchanga kila asubuhi, jirani akiona au asione. Binti yetu alizaliwa salama. Mke wangu alinisamehe taratibu, na sijui kama amemaliza.

Mwaka huu kijana mmoja aliingia dukani akauliza kama tuna sumu ya paka. Mkewe ni mjamzito, akasema, na mama yake hataki kumwona paka nyumbani. Nilimwacha mteja mwingine akingoja, nikamweleza habari ya kinyesi, ya kila siku, ya glavu, ya nyama mbichi, na kwamba aende kliniki na mkewe akaulize mwenyewe. Alisikiliza vizuri.

“Umejulia wapi hayo yote, daktari?” akauliza.

“Kuna jamaa mmoja namjua,” nikamwambia. “Yeye alimtupa paka wa mkewe.”

“Huyo ni mtu mbaya,” akasema.

Nikakubali kwa kichwa, nikampa glavu zake, na sikumwambia ni nani.