Kifuniko cha Sufuria ya Mama

Kererere! Ni kifuniko cha sufuria, kikitetemeka juu ya bomba la moshi la pikipiki. Kinyozi anaikumbuka sauti hiyo tangu ujana, amekaa nyuma ya kaka yake, amemshika kiuno, pikipiki ikikwea kilima cha mawe. Bomba lilikuwa likimuunguza vigimbi, ndipo kaka alipoiba kifuniko jikoni, akakifunga kwa waya kiwe kinga. Mama alipika sufuria wazi mwezi mzima, akimlaumu jirani.

Siku hizi Kinyozi ana mvi. Siku za kazi mikono yake ni ya vichwa vya watu. Jumapili ni ya Mbuzi. Ndilo jina la pikipiki ile, maana hupanda penye mawe na haina adabu. Kinyozi huitunza, kaka huiendesha, mdogo mtu nyuma. Ameiinua shokapu, ameivika tairi za meno, ameipunguza madigadi isikabwe na matope. Mkewe huwaambia wageni, "Mimi ni mke mdogo, jamani. Mke mkubwa yuko uani, anakunywa petroli."

Kisha macho ya kaka yakafifia, yakazima. Kaka akawa mtu wa kitini, ndani. Ukimshika mkono anaukung'uta: "Mimi si mzigo." Kinyozi akaona dawa ni moja, Mbuzi ifanywe mpya, imrudishe kaka kilimani. Akabadilisha ringi za pistoni, akasugua kabureta kwa mswaki, akashona kiti kirefu cha wawili. Na kwa kuwa mkono wa kunyoa hauvumilii kinachochomoza, akakitoa kile kifuniko chenye kutu, akafunga kinga mpya iliyotulia tuli.

Akaipeleka hadi mlangoni kwa kaka, akaingurumisha kwa mbwembwe.

"Ya nani hiyo?" kaka akauliza.

"Mbuzi, kaka!"

"Mbuzi gani asiyelia?" Akatega sikio tena, uso ukakunjamana. "Umeiuza, bwana mdogo. Umeiuza, unaniletea ya kuazima kwa kuwa sioni."

"Haki ya Mungu, kaka..."

"Usiape. Yaliyokufa ni macho, masikio yangu mazima."

Kinyozi alitaka kumpapasisha tangi, penye bonde la siku walipoanguka. Akakumbuka kwamba bonde lenyewe amelinyoosha. Mlango ukafungwa.

Nyumbani akapekua ua mzima.

"Umepoteza nini, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Kifuniko cha mama."

"Kile cha kutu? Si kuku wanakinywea maji!"

Kuku wakapewa kopo. Kinyozi akakifuta kifuniko kwa shati lake mwenyewe, akafungua kinga mpya, akakirudisha cha zamani kwa waya, kikiwa kimelegea vilevile.

Alasiri ile, kererere ilitangulia kufika kabla ya pikipiki. Kinyozi alipokata kona, kaka alishasimama nje, kichwa kimeinamia upande, midomo inamcheza. Akanyoosha mkono hewani, yeye mwenyewe, na Kinyozi akaupokea, akauongoza hadi kwenye kiti kirefu. Kaka akapanda nyuma, mahali palipokuwa pa mdogo wake miaka yote. Mikono yake ikabaki mapajani, haijui iende wapi.

Kinyozi akageuza shingo, akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mteja aliyesinzia chini ya wembe:

"Nishike kiuno, kaka."