Mgongo wa Kinyozi

Kinyozi wa kiti cha pili, hapa saluni kwetu Albert Park, huku ugenini, akila huupa ukuta uso, na sisi mgongo. Wateja humtania: "Papa, kwa ukuta iko mchuzi?" Hacheki, hakasiriki. Hulifinyanga tonge la bugali polepole, kwa vidole vilevile vinavyoshika wembe. Huko kwao Kivu, mfalme, yaani mwami, haonekani akila. Ila baba yake mwami alipofariki, Wakatoliki wa kwao walimsimika mdogo wake, mtoto wa mke mwingine. Yeye, aliyezaliwa na mama Mprotestanti, akabaki na desturi bila kiti.

Mama Carmel, Mkatoliki wa kijiji kimoja na kinyozi, huja kusukwa na hajawahi kumsalimu. Jumamosi saluni ilifurika, wateja wakajibanza hata ukutani. Kinyozi akasimama katikati yetu na sahani yake, chakula kikipoa. Mama Carmel akainuka, nywele nusu zimesukwa, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa kitenge.

"Kula, Mwami. Mi siangalii."

Kinyozi akala akitazama barabara, tonge dogo baada ya tonge dogo, kama mtu asiyetaka sahani iishe.