Msumari Mahali pa Fyuzi

Nakumbuka Jumapili moja pale Malindi, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitano na kichwa kilichovimba kuliko tangi la maji la mji mzima. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, yale ya watu wanaofanya kazi mchana kutwa kisha wanakwenda kusinzia juu ya madaftari, na cheti changu nikikitembeza mfukoni kama kitambulisho. Ukiniuliza saa, nakujibu kwa hesabu ya eneo la duara. Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja kuniuliza namna ya kuongeza besi garini mwako, na nikaona waya umeshaushika mkononi kabla sijafungua kinywa.

Wakati huo nilifanya kazi kwa Fundi Shee, mzee wa Kibajuni aliyeanza na useremala, akaishia kufunga redio za magari. Alikuwa na maneno machache mno. Nadhani kwa mwaka hayakujaa kikombe cha kahawa. Asubuhi ile akaja Kahindi, rafiki yangu wa Vitengeni, na gari lake dogo jeupe. Baada ya adhuhuri gari hilo lingeongoza msafara wa arusi hadi Mambrui, limebeba Bi Kauthari, nyanya yake bwana arusi, na wajukuu wawili.

"Nataka besi," akasema Kahindi. "Besi ya kuwatoa watu ndani ya nyumba."

Nikamjibu, "Nitakutilia besi samaki wa mto Sabaki wapande ukingoni kutazama."

Sanduku la spika nililipiga kwa pupa. Nilichukua mbao nyepesi za kabati kuukuu, nikazigongea misumari bila gundi, na tundu la spika nikalichonga kwa patasi mpaka likawa pana kuliko spika yenyewe. Tulipowasha kwa amplifaya ndogo, ile mashine ya kukuza sauti, besi haikutoka. Ilitoka pumzi tu, puf, puf, kama mzee anayepuliza jiko lenye kuni mbichi.

Kahindi akaegemea mlango. "Ewe msomi, hii ni besi au ng'ombe ana kifua?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: ngoja Fundi Shee atoke msikitini, mimi limenishinda. Ni maneno mafupi tu, mwanangu, lakini sikuyasema. Nikaangua amplifaya kubwa iliyokuwa rafuni, nikaiunga kwa waya ule ule mwembamba uliopita chini ya kiti cha nyuma. Fyuzi, kile kiungo kinachokata umeme waya ukizidiwa, ikakatika. Nikatia ya pili, ikakatika. Ya tatu nayo. Fyuzi nyingine sikuwa nayo, na kutoka nje Kahindi alikuwa akipiga honi. Nikakata kipande cha msumari, nikakipachika mahali pa fyuzi.

Lo! Besi ikaja. Kuku wa jirani waliacha kutaga kwa wiki nzima. Kahindi akanikumbatia, akaondoka akicheza kwa mabega kwenda kuwapakia bibi na wajukuu, nami nikasimama barabarani nikijiona mimi ndiye niliyegundua umeme.

Fundi Shee akarejea. Hakuuliza lolote. Alizitazama zile fyuzi tatu zilizokufa juu ya meza, akazipanga mstari mmoja kwa kidole.

"Ya nne iko wapi?"

Nikajifanya nakusanya misumari mezani.

"Nakuuliza, baba. Ya nne?"

"Nimetia msumari, Fundi."

Rangi ilimtoka usoni. "Na garini mna nani?"

"Kahindi. Na Bi Kauthari. Na watoto wawili, wamekaa... wamekaa nyuma."

"Mpigie simu."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena, na mara ya nne ndipo nilipofahamu: Kahindi hawezi kusikia simu. Mimi mwenyewe ndiye niliyehakikisha hasikii kitu.

Tukaazima pikipiki ya jirani. Fundi Shee alipanda nyuma, kikoi amekifunga kibwebwe, spana mkononi, akisoma dua sikioni mwangu. Njia ya Mambrui si ndefu, lakini siku hiyo iliongezwa maili mia. Tuliisikia besi kabla ya kuliona gari. Tukayapita magari ya msafara, kisha nikaliona, karibu na daraja la Sabaki, na kwenye dirisha la nyuma unatoka moshi mwembamba, mweupe, wa taratibu.

Nikapiga honi kama mwendawazimu. Kahindi akatuona kiooni. Unajua alifanya nini? Alidhani tumekuja kushangilia! Akatoa mkono, akatupungia, akaongeza sauti. Wale watoto nao wakageuka, wakatupungia kwa furaha, na moshi unapanda kati ya miguu yao.

"Mpite!" Fundi Shee akanipigia kelele, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kuisikia sauti yake ikipanda. Nikampita, nikaiweka pikipiki mbele yake, nikafumba macho. Breki zikalia. Nilipofumbua, taa yake ilikuwa shubiri moja na goti langu.

Fundi Shee alikwenda moja kwa moja kwenye boneti, akafungua waya za betri. Mimi nikawavuta watoto nje, mmoja kila mkono, kisha Bi Kauthari. Tukainua kiti. Zulia lilikuwa limeshashika, waya umeyeyuka kama nta. Tukamwaga mchanga mpaka ukafa moto. Mtoto mdogo alikuwa na lengelenge moja kifundoni, kubwa kama punje ya mahindi. Ingekuwa dakika tano zaidi, nisingekuwa na cha kukusimulia leo.

Bi Kauthari akajitengeneza buibui. "Mimi nimejifukiza asubuhi, nguo zote zanukia," akasema. "Nikaona moshi, nikadhani ni udi wangu." Kisha akanitazama. "Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Ulijua ni hatari?"

Kahindi alikuwa akinitazama. Fundi Shee alikuwa akiutazama mto. Ningeweza kuusingizia waya, au gari.

"Nilijua, bibi."

Hakunijibu marahaba. Alipanda gari jingine la msafara, akaenda zake.

Kesho yake nilifika nikidhani nafukuzwa. Fundi Shee alikuwa ameliweka lile sanduku mezani na chetezo cha udi kinafuka kando. Akaufukiza moshi ndani, akafunga spika, akaibonyeza taratibu kwa kiganja. Moshi ukachuruzika kwenye maungio, kwenye misumari, kwenye mdomo wa spika. Nikahesabu matundu tisa.

"Besi yako ilikuwa inakimbilia hapa," akasema. "Na wewe ukazidi kuitia nguvu ikimbie."

Tukaziba maungio kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Chini ya spika tukakata mpira wa tyubu ya gurudumu uiketishe. Tukatia ubao wa kukaza katikati, na sufi kidogo ya mto wa kulalia ndani. Tukairudishia amplifaya ndogo, waya mnene na fyuzi yake halali. Mwanangu, meza ilitetemeka mpaka bisibisi zikatembea zenyewe. Nguvu ile ndogo, ile ile ya kwanza!

Basi sikiliza. Besi ikikupungukia, tafuta kwanza inapovuja kabla hujaongeza nguvu. Fyuzi ikikatika, hiyo inapiga kelele kwa ajili yako. Usiinyamazishe, iulize inaona nini. Na kazi ikikushinda, sema imekushinda gari likiwa bado mlangoni, kwa maana likishaondoka aibu yako haikai peke yake, inapakia watu. Mimi nilikuwa na cheti, mwanangu, na bado neno "sijui" nilijifunza darajani.

Lilete gari lako Jumamosi asubuhi, tulikague pamoja. Mwenyezi Mungu aikinge mikono yako na haraka, aufanye mwepesi ulimi wako kuuliza, na kila atakayepanda gari lako amfikishe salama kwa wanaomngoja. Amina.