Chupa za Kioo na Mama Asiyekula

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Mpaka leo nikiingia jikoni kwa bibi harusi mpya nikaona chupa za kioo zimepangwa ukutani, macho yangu yanamtafuta kwanza mzee wa nyumba. Siku hiyo nilimkuta mama mkwe wangu nyuma ya jiko, anawamwagia kuku ugali wake kimyakimya, na mifupa ya mabega imemsimama ndani ya gauni. Alinitazama, akajifuta mikono, akasema, "Nimeshiba." Sikumwamini hata kidogo, lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Ningesema nini?

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Mimi ni mtoto wa Kashaulili, pale mjini Mpanda, nimekulia katikati ya meza za sokoni. Nikaolewa Mishamo, kwa watu waliokimbia vita Burundi, wakafyeka pori na kulima mpaka mji wetu ukawa unakula jasho lao. Mama wa mume wangu nilimwita Mabukwe, maana ndivyo wanavyomwita mama mkwe kwa Kirundi. Alikuwa mfupi, maneno machache, jicho kali. Chakula chote cha nyumba kilikaa chumbani kwake: magunia, vikapu, hata debe la karanga chini ya kitanda. Hakuna aliyethubutu kuingia. Asubuhi alitoka na maharage ya siku ile kwenye pindo la kitenge, akayamimina kwenye ungo wangu, basi, mpaka kesho. Mimi na ujanja wangu wa mjini nilimtania mume wangu kwamba mama yake amefungua benki.

Kisha panya wakatuingilia, na fukusi nao. Maharage yakatoboka, karanga zikageuka unga na uchafu. Dada yangu alikuwa mpishi kwenye mgahawa mjini, akanikusanyia chupa tupu za kahawa na za jamu, kubwa kwa ndogo. Nilizichemsha, nikazianika mpaka harufu ikaisha. Maharage, karanga na mchele nikavianika juani vikakauka barabara, nikaviacha vipoe kivulini, nikajaza na kukaza mifuniko. Magunia ya mahindi, na kiroba cha maharage yaliyozidi, yakaenda stoo. Chupa nikazipanga kwenye ubao wa jikoni, na nikasimama kuzitazama kama mtu aliyejenga ghorofa. Usidhani nilivamia, mwanangu, nilimwomba Mabukwe ruhusa. Alisema, "Sawa." Nami kwa ujana nikadhani sawa ni sawa.

Chupa zilifanya kazi yake, siwezi kuzisingizia. Panya hatafuni kioo. Hata majirani walikuja kuziangalia, wengine wakaniagiza niwaletee.

Ikaingia miezi ya mvua, ile ambayo mahindi mapya bado yako kiunoni na ya zamani yanakaribia kwisha. Kila nilipochota kikombe cha maharage, yaliyobaki yalishuka ndani ya kioo, na kila mtu aliona yameshuka. Mabukwe alikuwa na kigoda chake karibu na mafiga, uso umeelekea ule ubao. Akawa anakula nusu. Halafu matonge machache. Halafu akawa anasogeza sahani kwa wajukuu, watoto wa mashemeji zangu, anasema ameshiba. Mume wangu alimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, wakampima, hawakuona ugonjwa. Gauni lilizidi kumpwaya.

Hofu niliyokuwa nayo siwezi kuieleza ikatosha. Niliamka nikiogopa kwenda kumsalimia, nisije nikamkuta hajibu. Nikipika nilionja chumvi mara nyingi hadi ulimi unakufa ganzi, nikifikiri labda ni mkono wangu haumpendezi. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Na unajua kijijini wanasemaje, mama mkwe akiacha kula tangu mkwe aingie jikoni. Mume wangu hakunilaumu, lakini aliacha kutania, akawa anakula ameinama. Nilikuwa nimebeba mimba changa wakati ule na hata yeye aliyekuwa tumboni nilimwonea huruma.

Siku ya kuku ndipo nilipoanza kuyafuata macho yake, nikaona hayatazami moto wala sufuria, yanatazama ubao. Nikajiona mjanja. Asubuhi iliyofuata, kabla hajatoka, nikajaza chupa zote mpaka shingoni kwa maharage yaliyobaki kwenye kiroba stoo. Nikakaa nikimsubiri afurahi. Aliingia, akaziangalia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hayo umeyatoa wapi? Kiroba kimebaki na nini?" Siku hiyo hakugusa kitu kabisa.

Jioni nikamwambia mume wangu amwite shangazi yake, Leokadia, dada wa marehemu baba yake. Alikuja na bodaboda kesho yake, matope mpaka magotini. Alimsalimia Mabukwe, akamshika mkono, akaona ulivyokonda. Hakulia. Akaingia jikoni, akatazama ule ubao, akanigeukia.

"Nani anapimaga chakula humu ndani?"

"Yeyote anayepika, shangazi. Kipo wazi, hakuna anayenyimwa."

"Na mama yenu?"

"Yeye anapumzika."

"Anapumzika!" Alikalia ndoo, akanionyesha kidole. "Nyie watoto mna mambo. Wakati tunakuja huku kwa miguu, huyu mama ndiye aliyefunga maharage kiunoni. Watu wazima tulikuwa tunamlilia atuongeze, anakataa. Anatupa kiganja kiganja, yeye mwenyewe analamba mkono. Tumefika wote. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyepima chakula cha ukoo huu. Sasa wewe umemtoa kwenye kazi yake, ukamkalisha kwenye kigoda aangalie chakula kinavyoisha. Unafikiri ataweza kumeza?"

Nikalia tu, na shangazi akaniacha nilie mpaka nikamaliza, akaniambia ninawe uso, machozi hayaivishi maharage.

Mchana uleule nilizibeba chupa moja moja mpaka mlangoni kwa Mabukwe. Nilipiga magoti, maana sikujua nianze vipi, nikamwambia, "Mabukwe, mimi sijui kupima. Naomba utupimie." Akainuka kwa kushika ukuta, akaichukua chupa ya kwanza, akaipangusa kwa kitenge chake, akaifungua na kuifunga, akaisogeza ndani ya chumba. Akanyoosha mkono kupokea ya pili.

Kesho yake alitoka na maharage kwenye pindo la kitenge. Yalikuwa machache kuliko niliyokuwa nikipika mimi, mwanangu, nikaogopa hayatatutosha. Nikayapika, nikapakua, nikakaa mbali kidogo huku nikijifanya nachochea moto. Alikula tonge la kwanza, la pili. Alikula akamaliza. Akanisogezea sahani akasema, "Niongezee, mama."

Sasa sikiliza, maana wewe nawe utakuwa na jiko lako. Chupa za kioo weka, ni nzuri, sikukatazi. Anika chakula kikauke mpaka ukiuma punje unasikia inalia, kiache kipoe ndipo ufunge. Ukiona mvuke ndani ya kioo, fungua haraka uanike upya, kwa sababu unyevu ukikaa humo huzaa ukungu, na ukungu kwenye karanga ni sumu kwa watoto. Usiziweke karibu na moto wala juani. Mimi hadi leo huzikagua kila wakati, wajukuu wananicheka.

Ila kabla hujahamisha hata punje moja, uliza ni nani aliyekuwa anakitunza chakula kabla yako, na umwache aendelee kukitunza kama bado anataka. Mpe yeye kikombe cha kupimia. Mzee aliyeona njaa hashibi kwa kuambiwa chakula kipo, anashiba akiwa amekishika mwenyewe. Na akikwambia "sawa", kaa naye kidogo, muulize mara ya pili, usikimbilie kupanga vitu vyako. Akianza kusema ameshiba wakati sahani imejaa, usingoje akonde. Mtu hupotea ndani ya nyumba yenye chakula, na wewe uliyepika ukabaki unajiuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe cha kula na watu wa kula nao, na wazee wako wakuombe uwaongezee.