Sala ya Nyuma ya Gunia la Mkaa

Wiki nzima usingizi ulinipaa kwa swali moja: mtu akisali kimyakimya, anasali au anawaza tu? Nimemaliza chuo, sina kazi, na kuwaza ndiyo kazi ninayoiweza. Swali lilianza siku mvua ilipolowesha gunia la mkaa katika chumba changu cha kupanga huku Buswelu. Harufu ya mkaa uliolowa, nzito, kama udongo na moshi uliopoa, ilinirudisha nyumbani kwetu Mabatini, nina miaka tisa, nimepiga magoti jikoni.

Shangazi, dada yake baba aliyekuja kutoka Bukoba kukaa nasi, ndiye aliyetupangia sala za binafsi. Kila mtoto na kona yake, kila asubuhi kabla ya kuchota maji, na kwa sauti. Sauti ilikuwa sharti, kwa sababu kaka yangu aliwahi kulala akiwa amepiga magoti mpaka chai ikapoa, na alipoamshwa akasema "Amina" kwa kujiamini kabisa. "Sala isiyotamkwa ni usingizi," alisema shangazi. Kona yangu ilikuwa nyuma ya gunia la mkaa. Nilipapenda. Nilimweleza Mungu kila kitu, hata habari za kuku.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vinapunguza watu, mitumba imejaa kila barabara. Siku moja nikitoka shule nilimwona baba ameinama juu ya turubai, anapanga viatu vya mitumba. Shati lake la kiwandani lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko. Hakuniona. Asubuhi iliyofuata alilivaa, akamuaga mama kwamba anawahi zamu. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu tu, siku baada ya siku: baba ameachishwa kazi, mama hajui, mpe ujasiri wa kumwambia.

Jumatano moja jumuiya ya majirani wa kanisani ilikuja kusali kwetu. Baba alikaa karibu na mlango, amevaa shati lake la kiwandani. Ulipofika wakati wa haja za maombi, shangazi alisimama, akafumba macho.

"Tumwombee kaka yangu aliyeachishwa kazi. Anauza viatu kwa kujificha, na mkewe hata hajui."

"Amina," alijibu mzee mmoja kwa mazoea, kisha akafumbua macho. "Kumbe!"

Mama alimtazama baba. Baba alitazama sakafu. Nilimfuata shangazi uani.

"Shangazi, mimi nilikuwa namwambia Mungu!"

"Na Mungu ndiye kataka nisikie. Kwani nilitega sikio? Unasali kama uko mnadani."

"Si wewe ulisema kwa sauti?"

"He! Mtoto huyu! Unanijibu?"

Asubuhi baba alikuja jikoni, hana shati lile. "Kumbe ulikuwa unaniombea?"

"Ndiyo, baba."

"Basi endelea."

Sikuendelea. Shangazi akiwa karibu, nilitiririsha Baba Yetu kama redio. Akiwa mbali, nilichezesha midomo. Baadaye hata midomo nikaacha.

Leo ndugu zangu wote wanasema Mungu alimtumia shangazi, kwa sababu baba aliacha kujificha, na mama akaenda kuuza naye. Nakataa. Nilimwombea baba ujasiri, shangazi akamnyang'anya nafasi ya kuutumia. Akachukua siri niliyomwekea Mungu, akaigawa kama karanga, halafu akaketi na uso wa mtu aliyetenda jema. Hasira hiyo sijaimaliza, na nimewaza sana kama ni dhambi. Sidhani.

Lakini kuna jambo nimelielewa juzijuzi tu, nikinusa gunia lile. Baba aliposema "endelea" hakuwa ananipa ruhusa. Alikuwa ananiomba. Mtu aliyeaibishwa mbele ya majirani alimwomba mtoto wa miaka tisa asimwache. Nami, kwa kumkomoa shangazi, nikamwacha.

Jumatatu, kabla ya kuchota maji, nilipiga magoti kando ya gunia. Ukuta wangu ni wa mbao, unapitisha hata kikohozi cha jirani. Nilianza na baba, kwa jina lake, na miguu yake inayovimba kwa kusimama sokoni. Ng'ambo ya ukuta, redio ilipunguzwa. Nikasita.

Kisha nikaongeza sauti. Leo ni Alhamisi, siku ya nne.